Konzi moja ya mahindi haitoshi kulijua gunia

MSOMAJI, uendapo kununua mahindi katika soko la Tala, bila shaka hutia mkono guniani, ukachota konzi moja, ukaitazama na kuinusa. Ukiridhika, muuzaji hukupimia gorogoro zako. Je, umelikagua gunia, au umeikagua konzi tu?

Swali hilo ndilo mwanzo wa elimu ya takwimu. Gunia lote unalotaka kulijua huitwa kundi zima. Konzi uliyochota ni sampuli. Sampuli huaminika iwapo kila punje ilikuwa na nafasi sawa ya kuchotwa. Punje za juu zilizopigwa na jua haziwezi kuzisemea zile za chini zilizopata unyevu.

Jambo hili ni la uhai na kifo. Kufikia Julai 20, 2004, watu 317 walikuwa wameugua kutokana na sumu ya aflatoksini, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Kati yao 125 walifariki, yaani karibu 39 katika kila wagonjwa 100. Sumu hii hutokana na kuvu, haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi.

Wachunguzi walikusanya sampuli 350 za mahindi na unga katika masoko 65 ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Asilimia 55 zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 katika bilioni. Asilimia 7 zilizidi sehemu 1,000.

Sasa jihadhari na wastani. Tuseme una magunia kumi. Tisa yana sehemu 4 kila moja, na la kumi lina 364. Jumla ni 400; ukigawa kwa kumi, wastani ni 40. Hakuna gunia hata moja lenye 40! Ukiyapanga kutoka dogo hadi kubwa, kipimo cha katikati ni 4, chini ya kiwango cha leo cha Kenya ambacho ni 10. Hicho nacho chakuambia yote ni salama, ilhali gunia moja ni sumu. Ndiyo sababu wataalamu huuliza pia juu ya mtawanyiko: kipimo cha chini ni kipi, na cha juu ni kipi?

Kwa hiyo, usichote juu pekee. Ingiza bambo juu, katikati, chini na pembeni mwa kila gunia. Changanya punje za gunia hilo, zisage, ndipo unga upelekwe maabara. Usichanganye gunia moja na jingine, kwani baya litajificha katika mazuri.

Nyumbani, anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi yakauke vizuri. Chambua yaliyooza au kubadilika rangi, na usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa maana sumu hiyo hupitia maziwani hadi kikombe cha mtoto wako.