Baiskeli inayokutaka usogee mbele

Ukitoka mji wa Ngong kuelekea mitambo ya upepo, mlima hauna salamu. Unaanza tu. Jumamosi moja niliupanda kwa baiskeli ya kuazima, ya shokapu ndefu: foku ya mbele inabonyea milimita 160, gurudumu la nyuma 150. Mwenyewe aliniambia neno moja: "Nyonga polepole."

Gia ya mbele ilikuwa na meno 30, na ile kubwa kabisa ya nyuma 51. Pedali ikizunguka mara moja, unasogea kama mita 1.3. Zungusha mara 60 kwa dakika, utakuwa na mwendo wa mtu anayekwenda dukani kwa miguu. Ndiyo maana kijana aliyekuwa akisukuma baiskeli ya Black Mamba iliyobeba mitungi ya maji tulipanda naye sambamba tukiongea; yaani yeye aliongea, mimi nilihema.

"Mzee, hiyo haina injini?" aliuliza, kisha akakata kona kwao.

Taabu ya shokapu ndefu mlimani ni kwamba uzito wako unarudi nyuma, nyuma inadidimia, foku inainuka, na gurudumu la mbele linayumba kama mbuzi aliyekata kamba. Watengenezaji wamejibu kwa kusimamisha nguzo ya kiti, digrii 77 hivi, ili nyonga zako zikae karibu zaidi na juu ya pedali. Hata hivyo ilinibidi nisogee hadi ncha ya kiti, pasipo na starehe yoyote, nikunje viwiko na kushusha kifua. Hapo gurudumu likatulia. Kuna kiwenzo cha kukaza shokapu. Kwenye lami kinafaa, kwenye mawe nilikifungua, maana tairi ya nyuma hushika vizuri shokapu ikicheza.

Kushuka, unabonyeza kitufe, unakisukuma kiti kwa makalio, kinazama. Sisi tuliolelewa na Black Mamba tunajua kushuka: tupa makalio nyuma, omba Mungu. Mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza. Foku hii imelala, digrii 64, gurudumu liko mbali mbele yako, kwa hiyo si rahisi kurushwa juu ya usukani. Ila ukining'inia nyuma, tairi ya mbele haibebi kitu. Kwenye kona ya kwanza iliteleza juu ya changarawe, nami nikaingia kichwa kichwa kwenye kichaka cha leleshwa, nikatoka nanukia kafuri.

Nikaanza upya: miguu imebeba uzito, viwiko nje, kidevu juu ya usukani. Mawe yakamezwa. Kona za ghafla bado zilitaka nafasi, kwa sababu baiskeli ni ndefu, na kasi huisikii mpaka ushike breki.

Chini nilimkuta yule kijana akiteremsha mitungi mitupu. Akatazama majani kwenye helmeti yangu.

"Mzee," akasema, "na breki je, ziko?"