Mali bila Daftari: Makro na Ulinzi wa Data katika Lahajedwali

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika vyuo vikuu, daftari hilo siku hizi ni lahajedwali la tarakilishi. Humo huhifadhiwa alama za wanafunzi na orodha za istilahi. Hata hivyo, lahajedwali lina udhaifu ambao daftari la karatasi halina. Mtu akifuta kwa wino, alama ya mkato hubaki; akibadilisha tarakimu katika seli, ya kale hutoweka bila kuacha kovu. Tuseme mwanafunzi ana alama 18 za majaribio na 40 za mtihani, jumla 58. Kidole kikiteleza na 18 ikawa 28, jumla huwa 68, na katika vyuo vingi vya Kenya hilo humpandisha kutoka gredi ya C hadi B. Nani atajua? Makala hii inaeleza jinsi makro inavyoweza kuifanya seli iliyoguswa ijipake rangi yenyewe.

Makro ni nini?

Makro ni mfululizo wa maagizo ambayo programu huyatekeleza kwa niaba ya mtumiaji. Katika Excel, maagizo hayo huandikwa kwa lugha ya VBA, iliyoingizwa katika programu hiyo mwaka 1993. Baadhi ya makro hungoja kuitwa. Nyingine hungoja tukio, mithili ya bawabu anayeamka mlango unapobishwa. Tukio linalohitajika hapa ni badiliko la yaliyomo katika seli.

Namna ya kuiunda

Mtumiaji hubofya jina la laha, chini ya dirisha, kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha huchagua kutazama msimbo. Katika ukurasa unaofunguka huandika mistari mitatu:

Private Sub Worksheet_Change(ByVal Target As Range)
Target.Interior.Color = vbYellow
End Sub

Mstari wa kwanza hutaja tukio. Neno Target husimamia seli iliyobadilishwa, au seli zote iwapo ni nyingi. Mstari wa pili huamuru mandharinyuma yake yawe manjano, na wa tatu hufunga maagizo. Kuanzia toleo la 2007, faili yenye makro kwa kawaida huhifadhiwa kwa kiambishi .xlsm, ikihifadhiwa kama.xlsx, msimbo hutupwa.

Mipaka yake

Kwanza, makro hii huona kilichoandikwa, haioni kilichokokotolewa. Katika mfano uliotangulia, seli ya 28 itageuka manjano, lakini ile ya jumla, inayotegemea fomula, itabaki ilivyokuwa. Hili si kasoro kubwa, kwani rangi huelekeza kwenye chanzo badala ya matokeo.

Pili, seli hupakwa rangi hata mtu akiandika upya thamani ileile. Rangi basi ni wito wa kuchunguza, si ushahidi wa kosa.

Tatu, makro inapobadilisha laha, Excel hufuta kumbukumbu ya kutendua. Mhariri aliyezoea kurudi nyuma hatua moja atajikuta hana njia. Kwa hivyo ni busara kuhifadhi nakala safi kabla ya kazi kuanza.

Nne, rangi husema mahali tu. Haisemi nani, lini, wala thamani ya awali ilikuwa ipi. Anayetaka hayo hana budi kuongeza maagizo ya kuyanakili katika laha nyingine. LibreOffice Calc, kwa upande wake, ina huduma ya kurekodi mabadiliko bila msimbo wowote.

Suala la usalama

Makro ni upanga wenye makali kuwili. Mwaka 1999, kirusi cha Melissa kilienea kwa barua pepe kupitia makro za hati za Word. Ndiyo maana mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia, kama kaida, makro za faili zinazotoka kwenye intaneti. Jambo hili lina matokeo mawili. Mhadhiri hapaswi kuruhusu makro asiyojua asili yake. Na anayefungua faili ya alama bila kuruhusu makro anaweza kuzibadilisha bila seli kupakwa rangi.

Hitimisho

Ni dhahiri kuwa makro hii humfaa zaidi mtu mwaminifu anayeweza kuteleza kuliko mwenye nia ya kughushi. Huyo wa pili atazuiwa na nywila, nakala za akiba na karatasi za alama zilizotiwa sahihi. Lakini makosa mengi ya alama si hila. Ni uchovu wa vidole. Kwa mwanafunzi ambaye gredi yake imo katika seli moja miongoni mwa mamia, doa dogo la manjano laweza kuwa ndilo daftari la mali yake.