Kabla ya Kununua Hisa za Mafuta ya Turkana, Tazama Bei Waliyopewa Wakubwa

Kampuni changa ya kutafuta madini au mafuta haina cha kuuza ila hisa zake. Fedha za kuchimba kisima zikiisha, wakurugenzi huwaendea wenye mtaji mkubwa, wakaketi nao faraghani na kupatana bei ya hisa mpya. Bei hiyo hutangazwa baadaye. Mtu wa Kalobeyei mwenye shilingi 50,000 za faida ya duka, anayeambiwa anunue hisa za namna hii, aanze kwa kulisoma tangazo hilo kabla hata ya kutazama ramani ya visima.

Swali la kwanza ni punguzo. Kwenye soko la kampuni changa la Kanada, TSX Venture, hisa ya senti 50 au chini yake inaweza kuuzwa faraghani kwa punguzo la hadi asilimia 25. Ya senti 51 hadi dola 2, asilimia 20. Ya zaidi ya dola 2, asilimia 15. Kampuni inayotoa punguzo lote linaloruhusiwa, kisha ikaongeza haki ya kununua hisa nyingine baadaye kwa bei iliyopangwa leo, inakuonyesha kwamba haikuwa na wa kushindania hisa zake. Swali la pili ni kifungo: hisa hizo kwa kawaida haziuziki Kanada kwa miezi minne. Siku ya kifungo kuisha, aliyenunua kwa bei ya chini anaweza kuuza kwa faida hata bei ikiwa imeshuka, na mnunuzi anayemngojea huwa ni wewe.

Turkana ina mifano miwili. Kule Lokichar, baada ya mafuta kupatikana katika kisima cha Ngamia-1 Machi 2012, Africa Oil ya Vancouver iliuza hisa milioni 30 kwa dola 7.75 za Kanada kila moja mwishoni mwa mwaka huo. Oktoba 2013 ikakusanya dola milioni 450 za Marekani kwa krona 51.75 za Uswidi kwa hisa. Mapema 2015, bei ya mafuta duniani ikiwa imeporomoka, ikauza tena kwa krona 18.50. Mwaka huo huo kampuni ya uwekezaji ya Helios ikaingiza dola milioni 100 za Marekani, na IFC, tawi la Benki ya Dunia, milioni 50. Waliokuja walikuwa wenye subira, tena kwa bei iliyopangwa tangu mwanzo.

Upande wetu wa Turkana Magharibi, kitalu 11A kilikuwa cha Cepsa ya Uhispania pamoja na ERHC Energy ya Houston, iliyobaki na asilimia 35. Kisima cha Tarach-1, chenye jina la lagga la Kakuma, hakikuleta mafuta ya biashara. Lakini kabla ya kisima kusema neno, fedha za ERHC zilikuwa zimekwisha kusema: kampuni ilikuwa ikikopa kwa hati za deni zinazogeuzwa kuwa hisa kwa bei inayofuata soko.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkopeshaji anatoa dola 100,000 na kupewa punguzo la asilimia 40. Hisa ikiwa senti 10, anapata hisa kama milioni 1.7. Ikishuka hadi senti 1, anapata karibu milioni 16.7 kwa deni lile lile. Yeye hana sababu ya kuogopa bei kuanguka. Mwenye hisa wa kawaida ndiye anayegawana kampuni ile ile na umati unaozidi. Ukiona hati za aina hii kwenye ripoti, acha kusoma hapo.

Lakini hata bei nzuri ya wakubwa si dhamana. Aliyelipa krona 51.75 alikuwa na wataalamu wa miamba na mawakili, na bado hisa zilezile ziliuzwa chini ya nusu ndani ya mwaka mmoja na nusu. Africa Oil iliondoka kwenye vitalu vya Kenya mwaka 2023, na mwaka 2025 Tullow, mshirika aliyekuwa amebaki, ikaiuzia Gulf Energy biashara yake yote ya Kenya. Bomba la kupeleka mafuta pwani halijajengwa.

Kisha kuna gharama za mnunuzi mdogo. Mlango wa faragha haukufungukii: Kanada, mtu binafsi kwa kawaida hutakiwa awe na mali ya kifedha ya zaidi ya dola milioni 1. Utanunua sokoni kwa bei kamili, ulipe dalali ukinunua na ukiuza, na upoteze kidogo kila shilingi inapogeuzwa dola na kurudi.

Shilingi 50,000 hizo hizo zinatosha kununua hati ya Serikali ya siku 91 kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu ya Kenya. Riba hukatwa kodi ya asilimia 15, na tarehe ya kulipwa unaijua tangu mwanzo. Anayetumia kitambulisho cha mkimbizi aulize benki yake kwanza kuhusu akaunti.

Kwa akiba ya karo au ya mtaji wa duka, nunua hati ya Serikali. Hisa za kampuni changa ziguswe kwa fedha ambazo zikipotea zote nyumba haitalala njaa, na baada tu ya kujua wakubwa walilipa ngapi na kifungo chao kinaisha lini.