Neno "Anxious", Wasiwasi na Mhusika Asiyetulia

Swali la sifa za wahusika huonekana rahisi, na ndilo linalowapotezea watahiniwa wengi alama. Nimesahihisha karatasi za fasihi kwa miaka kadhaa sasa, na kuna jibu moja linalonijia tena na tena: "Ni mwenye wasiwasi. Ana wasiwasi sana kwa sababu ana shida." Mtahiniwa ameandika neno wasiwasi mara mbili na hajaniambia lolote. Shida gani? Wasiwasi wa nini? Ulimpata lini, na tuliuona wapi?

Nilimwuliza mwanafunzi wangu mmoja alikolitoa jibu kama hilo. Akanijibu bila kusita, "Mwalimu, kwa Kiingereza ningesema anxious." Hakukosea kufikiri kwa Kiingereza, masomo mengi tunayasoma kwa lugha hiyo, na akili huzoea njia inayopitwa kila siku. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba neno moja la huko lina mwenzake mmoja huku, na kwamba ukishampata mwenzake, kazi imekwisha.

Tulitazame neno lenyewe. "Anxious" ni kivumishi cha Kiingereza chenye asili ya Kilatini, na mzizi wake una maana ya kukaba au kubana. Mtu aliye katika hali hiyo amebanwa: pumzi haishuki vizuri, usingizi hauji, chakula hakipiti. Anangoja jambo asilojua litaishaje. Lakini neno hilo lina uso wa pili ambao wanafunzi husahau. Likifuatwa na "about", maana huwa ni kuhofia jambo. Likifuatwa na "to" pamoja na kitenzi, mara nyingi maana huwa ni kutaka sana kufanya jambo hilo. Mtu "anxious about the results" anaogopa matokeo. Mtu "anxious to see the results" huenda anayangoja kwa hamu kubwa, roho juu. Ukimwita huyu wa pili "mwenye wasiwasi" basi, umesema nusu tu ya ukweli, na pengine si ile nusu iliyohitajika. Kuna walimu wanaokataza matumizi hayo ya pili kabisa, wakisema ni uzembe wa lugha. Mimi siungi mkono katazo hilo, kwa sababu Waingereza wenyewe wamelitumia neno hivyo tangu karne ya 18.

Sasa turudi nyumbani. Neno wasiwasi tumelipata kutoka Kiarabu, na huko maana yake ya msingi ni mnong'ono: sauti ndogo inayokunong'oneza ndani kwa ndani mpaka ukashuku hata ulichokuwa na hakika nacho. Ndiyo maana kwa Kiswahili wasiwasi hubeba pia maana ya shaka. Ukisema "nina wasiwasi kama atakuja," huna hofu yoyote. Unatilia shaka tu. Basi Mwingereza anabanwa koo, Mswahili ananong'onezwa sikioni. Maneno haya mawili yanakutana mahali fulani, lakini hayakutoka nyumba moja.

Kisarufi pia yanatofautiana. Kiswahili hakina kivumishi kimoja cha hali hii, kwa hiyo tunatumia -enye na nomino, au tunatumia kitenzi. Hapo ndipo maana hubadilika kwa hila. "Ana wasiwasi" ni hali ya sasa, inaweza kuisha jioni. "Ameingiwa na wasiwasi" inaonyesha kuna kitu kilichotokea kikamwingiza humo. "Ni mtu wa wasiwasi" ni tabia: huyu hata mambo yakiwa shwari atatafuta la kuhofia. Swali la sifa linataka hasa kujua kama unachokitaja ni tabia au ni hali ya kupita. (Tafadhali usiandike "ako na wasiwasi". Najua ndivyo tunavyosema kwenye matatu, lakini karatasi ya mtihani si matatu.)

Jirani za wasiwasi nazo zina kazi zao. Ukimwona nyoka mlangoni, una hofu, kwa sababu kinachokutisha unakijua. Ukisikia kitu kikitambaa darini usiku na hujui ni nini, huo ni wasiwasi. Wasiwasi ukikunyima utulivu, ukawa huketi wala husimami, neno wahaka hufaa. Ukizidi hapo, moyo ukichafuka, ni jakamoyo. Fadhaa humpata mtu akishapigwa na jambo. Kiwewe humpata ghafla, asijue aseme nini. Usizikariri kama orodha. Kila moja itumie pale inapostahili tu.

Tuone mfano. Nitamtumia Nora wa A Doll's House, tamthilia ya Mnorwe Henrik Ibsen iliyochapishwa mwaka 1879, ambayo imewahi kuteuliwa kutahiniwa katika somo la Kiingereza humu nchini. Sikosi mifano katika kitabu chetu. Namtumia Nora ili usije ukaikariri aya yangu na kuitapika katika karatasi ya Kiswahili.

Nora alikopa krona 4,800 ili ampeleke mumewe Italia akapate afya. Dhamana ilihitaji sahihi ya baba yake, akaighushi. Mumewe, Helmer, hajui. Aliyemkopesha ni Krogstad, na sasa Helmer amepewa umeneja wa benki anamofanya kazi Krogstad huyo huyo, naye anataka kumfuta. Krogstad anapofika nyumbani mara ya kwanza, Nora anabadilika sauti na kumwuliza ana shughuli gani na mumewe. Hajui bado. Ni mnong'ono tu: wasiwasi. Baadaye Krogstad anamweleza waziwazi kwamba tarehe ya sahihi ni ya siku ambayo baba yake alikuwa ameshafariki. Sasa kinachomtisha kina jina na uso, na hiyo ni hofu.

Pazia la tendo la pili linapofunguka, mti wa Krismasi uko pembeni umechakaa, mishumaa imeteketea, na Nora anatembea chumbani peke yake hatulii. Anakwenda mlangoni kusikiliza. Anatazama sanduku la barua. Ibsen hajatuambia Nora anahisi nini; ametuonyesha miguu yake. Huo ni wahaka. Kisha barua ya Krogstad inaangukia ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake anao Helmer pekee, naye Nora anatoa ukelele uliozimwa. Ili kumchelewesha mumewe, anacheza ngoma ya tarantella kwa vurugu, nywele zikimfunguka, kama mtu anayeupigania uhai wake. Tendo linafunga akihesabu saa 31 alizobakiwa nazo za kuishi. Hapo ndipo pa kuandika jakamoyo.

Mwandishi wa insha ya Kiingereza angeweza kusema Nora ni "anxious" katika matukio hayo yote, na asikosee. Lakini kuna pahali neno hilo linafaa kuliko yote. Nora anangoja kile anachokiita muujiza: kwamba siri ikifichuka, Helmer atajitokeza na kuibeba lawama yote mwenyewe. Anautamani muujiza huo kwa moyo wake wote, na wakati uo huo anauogopa kwa moyo ule ule, kwa sababu yuko tayari kufa kuliko kumwacha mumewe abebe mzigo wake. Hamu na hofu zimefungwa fundo moja. Kiingereza hulisema fundo hilo kwa neno moja. Kiswahili hakina neno lake, na huna budi kulifungua: "Nora anangoja kufichuka kwa siri kwa hamu na kwa hofu, kwani…" Usilionee aibu jibu refu kidogo. Mtahini analipenda kwa sababu limemwonyesha kwamba mambo yote mawili umeyaona.

Muujiza hautokei. Helmer anaisoma barua na kuihofia heshima yake tu. Na tazama linalofuata: Nora anatulia. Anavua mavazi ya ngoma, anarudi na nguo za kawaida, anamketisha mumewe mezani na kuzungumza naye bila kutetemeka, kisha anaondoka. Sasa niambie: mtu huyu "ni mwenye wasiwasi"? Aliyeandika hivyo kama sifa yake ya kudumu ameshindwa kuueleza mwisho wa tamthilia. Wasiwasi ulikuwa hali iliyotokana na siri. Siri ilipokwisha, nao ukaisha. Sifa zake zilizodumu ni nyingine: ni jasiri, msiri, mwenye kujitolea.

Jibu dhaifu lingekuwa hivi: "Nora ni mwenye wasiwasi kwa sababu ana deni." Lililo bora: "Nora anaingiwa na wahaka baada ya Krogstad kumtishia kuifichua siri ya sahihi aliyoighushi. Anatembeatembea chumbani, anasikiliza mlangoni na kulitazama sanduku la barua." La pili lina chanzo, lina ushahidi wa kitendo, na limetumia "anaingiwa" badala ya "ni", hivyo haliahidi kisichokuwapo.

Neno moja zaidi kabla hujafunga ukurasa huu. Usichanganye wasiwasi wa mhusika na taharuki. Katika uchambuzi, taharuki ni mbinu ya mwandishi, na anayetaharukishwa ni wewe msomaji unayetaka kujua kitakachofuata. Barua iliyolala katika sanduku inamtia Nora wahaka, inakutia wewe taharuki, na Helmer anayecheka chumbani haimtii lolote. Swali likiuliza mbinu, mjibu kwa taharuki. Likiuliza hali ya mhusika, achana nayo.

Zoezi: Chagua mhusika mmoja asiyetulia katika kitabu chako teule. Mweleze kwa aya moja ya mistari minane. Onyesha chanzo cha kutotulia kwake, vitendo viwili vinavyokuthibitishia, na mahali ambapo hali hiyo inakoma, kama inakoma. Usitumie neno wasiwasi hata mara moja.