Gurudumu Lisilotii

Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zilizopigana katika ziwa letu la Tanganyika ziliruka na kutua majini: zilikuwa na maboya, si magurudumu. Lakini fundi ajiundiaye nyumbani ndege ndogo ya kutua nchi kavu, usalama wake umo katika magurudumu.

Ndege ikikimbia uwanjani, pengine gurudumu dogo la mkiani huanza kutikisika upesi upesi, kushoto na kulia, hata ndege nzima ikatetemeka. Mwenye haraka hukaza nati tu. Je, chanzo ni nini?

Tazameni baiskeli zetu hapa Mpala, ndugu wasomaji. Uma wa mbele umelala: juu umeelekea nyuma, chini mbele. Ndiyo sababu gurudumu hufuata njia. Chuma ambacho gurudumu la mkiani hugeukia chataka kulala vivyo hivyo, au kusimama wima. Springi ikichoka, kichwa chake huinamia mbele, na gurudumu hupoteza utii. Vyuma vilivyolegea huzidisha ubaya.

Magurudumu mawili makubwa nayo yaelekee mbele sawasawa. Shusha timazi katikati ya pua na ya mkia, vuta uzi chini kati ya alama hizo, kisha pima nafasi toka uzi hadi gurudumu, upande wa mbele na wa nyuma. Lakini kwanza sukuma ndege mbele na nyuma, miguu yake itulie. Asiyefanya hivyo hupima uongo.

Basi, kukaza si kuponya. Mganga mwema hutafuta kwanza ugonjwa.