Je, Wajua Kompyuta ya Mezani Yaweza Kuundwa Nyumbani?

Watu wengi huidhania kompyuta kuwa chombo kilichopigwa muhuri kiwandani, kisichokubali mkono wowote ila wa fundi aliyehitimu. Ilhali kompyuta ya mezani, miongoni mwa vyombo vya umeme vya zama zetu, ina ukarimu adimu kwa mwenyewe, maana mtu mwenye bisibisi, meza safi na alasiri moja ya subira aweza kuiunga viungo vyake kwa mikono yake, tangu kasha tupu hata ikawaka.

Ukarimu huo una asili yake. Januari 1975 jarida la Popular Electronics la Marekani lilichapisha jaladani picha ya Altair 8800, mashine ya Ed Roberts na kampuni yake ya MITS ya mjini Albuquerque, iliyouzwa vipande vipande ili mnunuzi avilehemu mwenyewe. Haikuwa na skrini wala kibodi, na kumbukumbu yake ya asili ilikuwa baiti 256 tu, chache kuliko herufi za aya hii. Mwenye mashine aliingiza amri kwa kupandisha na kushusha swichi, akasoma jibu katika taa ndogo nyekundu. Na juu ya dhiki hiyo maelfu ya watu waliiagiza, kwa shauku ya kumiliki kitu ambacho hapo kabla kilikuwa cha serikali, vyuo vikuu na makampuni makubwa. Agosti 1981 IBM nayo ikatoa kompyuta yake, na kwa kuwa iliharakia soko, iliiunda kwa sehemu zilizotengenezwa na wengine, ikachapisha michoro yake hadharani. Wengine wakaiga, na taratibu vipimo vikawa vya wote. Kanuni ya ATX, iliyotolewa na Intel mwaka 1995, hutaja hata mahali pa kila tundu la skrubu katika ubao mama wa milimita 305 kwa 244, na kwa ajili hiyo ubao wa kampuni moja hukaa barabara katika kasha la kampuni nyingine.

Prosesa ndiyo johari ya mashine, na katika kuunda, aghalabu ndiyo hutiwa kwanza ubaoni. Soketi ya AM5, kwa mfano, ambayo ni kikalio cha prosesa ubaoni, ina vijiti 1,718 vya kupitishia umeme, vyembamba hata kidole kikivigusa vyaweza kupinda. Hivyo prosesa hushikwa ukingoni, alama ya pembetatu iliyo pembeni mwake hulinganishwa na ile ya ubaoni, ikaachwa ikae kwa uzito wake wenyewe bila kusukumwa, kisha wenzo hufungwa. Juu yake hutiwa pesti ya kupitishia joto, kiasi cha punje ya mbaazi, kwa sababu chuma kinachoonekana laini kina mabonde madogo yanayojaa hewa, na hewa haisafirishi joto ila kwa shida. Pesti huyajaza mabonde hayo ili joto lipite hadi kwenye kipozeo na feni yake.

Na joto hilo si haba. Umeme wa volti 230 wa Tanzania, au 240 wa Kenya, hugeuzwa na pawa saplai kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3, ubao nao huzishusha zile 12 hata zikakaribia volti 1, ambayo ndiyo kadiri ya prosesa. Basi prosesa inayotumia wati 100 kwa volti 1 hupitisha ampea 100, karibu mara 8 ya kinachoruhusiwa na soketi ya ukutani ya ampea 13! Ndiyo maana ubao una plagi ya peke yake, yenye matundu 8, karibu na prosesa. Waanzao wengi huisahau, wakadhani mashine imekufa.

Adui asiyeonekana ni umeme tuli. Mwili wa mtu waweza kubeba hata volti 2,000 bila mwenyewe kuhisi, ilhali chipu yaweza kudhurika kwa volti mia chache. Mkaazi wa Tanga au Lamu, kwa unyevu wa hewa ya bahari, ana nafuu kuliko wa Dodoma wakati wa kiangazi. Lakini wote wawili yawapasa kugusa chuma tupu cha kasha kabla ya kushika kadi ya RAM, yaani kumbukumbu ya mashine.

Siku hizi simu, na kompyuta nyingi za mpakato, huuzwa kumbukumbu ikiwa imelehemiwa ubaoni, hata sehemu moja ikifa chombo kizima hutupwa. Naona hiyo ni hasara ya mali na ya maarifa pia. Katika kompyuta ya mezani RAM mbovu huchomolewa na nzima ikachomekwa mahali pake, na kazi ikaendelea.

Wewe utakayeunda ya kwanza, hakikisha kabla ya kununua kwamba prosesa, ubao na RAM vinapatana, maana DDR4 na DDR5, ambazo ni aina mbili za RAM, ingawa kila moja ina miguso 288, haziingiliani. Soma kijitabu cha ubao mpaka mwisho. Na utakapobonyeza kitufe mara ya kwanza, ukiona feni zazunguka lakini skrini imebaki nyeusi, ngoja: ubao wa DDR5 huenda ukachukua dakika kadhaa kuipima kumbukumbu yake kabla ya kuonyesha chochote, na mwenye kuukatia umeme huulazimisha kuanza upya.