Nani Kasema Hatuhami?

Kila mto unapojaa, swali hurudi redioni na vinywani mwa wageni: watu wa Rufiji wana nini hata hawataki kuhama? Aprili 2024, maji yalipofunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, niliulizwa hivyo Dar es Salaam na watu wema kabisa, wengine wakiwa wametoka kuchangia unga wa waathirika. Watu wanaohama kila mwaka, kwenda na kurudi, na kuku wao, vinu vyao na watoto wao, ndio wanaoambiwa hawajui kuhama.

Kibiti imezoea kujulikana kwa mambo mengine. Mgeni akisikia jina hilo hukumbuka 2017, askari wanane waliouawa Aprili ile na viongozi wa vijiji waliouawa mmoja baada ya mwingine. Akisikia delta ya Rufiji huulizia meli ya Wajerumani, Königsberg, iliyoishia humo Julai 1915. Yote yalitokea. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalokueleza kwa nini mwezi Januari unaweza kupita kijiji kizima usikute wa kukuitikia hodi.

Kwetu upande wa Mtunda mwaka hauanzi Januari. Unaanza vuli inapodondosha matone ya kwanza, wakati korosho zinaokotwa huku juu na maembe yamejaa matengani kando ya barabara ya Kilwa. Anayepita na basi hudhani huo ndio utajiri wetu wote. Mwenye nyumba macho yake yako bondeni tayari: jembe limepelekwa kunolewa, mtumbwi uliopasuka unazibwa. Mbegu ya mpunga lazima iwe ardhini kabla mto haujaja, na mto haujawahi kumpa mtu miadi. Ndipo watu hushuka, nyumba kwa nyumba. Milango hufungwa kwa kamba, wakabaki wazee barazani, na mbuzi.

Huko bondeni ndiko liliko dungu. Akiliona kwa mbali, mpita njia husema ni kibanda cha kulindia ndege. Ni nyumba. Limesimama juu ya nguzo zinazompita mtu kimo, sakafu yake ni fito zilizofungwa vizuri, juu yake umetandikwa mkeka wa ukindu, na pembeni pana mafiga juu ya udongo uliosiribwa mnene ili moto usile miti. Paa ni makuti au nyasi. Ngazi ndiyo mlango, na mtumbwi hufungwa kwenye nguzo pale chini. Karibu na bahari miti ya kujengea hukatwa mikokoni, na huko huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Ukiwaona watu wanabishana juu ya nguzo moja mchana kutwa usiwacheke, maana nguzo ikilegea Aprili hakuna pa kukimbilia.

Kuingia dungu jipya kulikuwa na taratibu zake, na hapa siwezi kuwa mfupi. Bibi yangu hakuruhusu mtu alale juu kabla moto haujawashwa na chakula kikapikwa na kuliwa pale pale. Mtungi wa maji ulitangulia kupanda, ukafuata mfuko wa chumvi, kisha mkeka, na watu mwisho. Ubani ulifukizwa kila pembe, dua ikasomwa na yeyote aliyejua kusoma, na sahani ya ubwabwa ikapelekwa kwa majirani wa madungu ya karibu, hata wale mliogombana nao mpaka wa shamba mwaka uliopita. Hao hasa. Maana maji yakishapanda, jirani aliyekununia ndiye huyo huyo mwenye mtumbwi utakaompeleka mgonjwa wako. Zindiko nalo lipo, ndiyo, na wanaokuja kuandika juu ya Warufiji hulikimbilia hilo kwanza, mimi nalipita.

Halafu kuna kungoja. Masika yakikaza, bibi alichora mstari wa mkaa kwenye nguzo kila jioni, na alfajiri alishuka ngazi kutazama maji yamefika wapi. Mpunga wetu wa asili hurefuka na maji: yakija polepole nao hupanda nayo, yakija kwa usiku mmoja huzama. Kwa hiyo hatukuuliza kama maji yatakuja, tuliuliza yanakuja kwa mwendo gani. Yaliyokuja kwa adabu yaliacha tope la rutuba, yakajaza mabwawa ya pembeni kambale na perege, na kila mtu akayaombea yarudi. Mwandishi wa gazeti huyaita maafa hayo hayo.

Punje zikianza kutia maziwa, kazi huwa ya watoto: kuamia ndege. Kuanzia jua halijatoka mpaka linapozama, na teo, na makopo yaliyotungwa kwenye kamba, na kelele, kwa sababu kwelea kwelea wakitua kwa dakika chache wamekula chakula cha mwezi. Usiku ni zamu ya wakubwa, maana kuna nguruwe, na kuna kiboko ambaye hatishwi na kopo. Walimu hulalamika kwamba miezi hiyo madarasa yana nafasi tele. Wana haki, nami sitatetea kila kitu kwa kuwa ni chetu: niliosoma nao, wengi wao waliacha njiani shambani. Ila sijawahi kuona kalenda ya shule iliyotungwa na mtu aliyepanda mpunga.

Malipo ya yote hayo ni pepeta. Mpunga ambao bado una ubichi kidogo hukaangwa na maganda yake, ukatwangwa ungali moto, ukapetwa, zikabaki punje bapa zenye harufu ambayo siwezi kumweleza asiyeijua. Huliwa na nazi iliyokunwa na sukari kidogo. Kwetu tonge la kwanza halikuwa la aliyelima. Lilifungwa likapelekwa juu kijijini kwa wazee waliobaki, na mtoto aliyetumwa alihesabiwa meno kabla na baada. Siku hizi pepeta huuzwa kwa kikombe, na aliyeikaanga hana shamba.

Kusi linapovuma na baridi ya kipupwe kuingia, mavuno yamekwisha na maji yameondoka. Wengine hupanda juu, wengine hubaki kwa ajili ya mlau: mahindi, kunde na maboga yanayopandwa kwenye unyevu ulioachwa na mto, bila kungoja mvua. Harusi na unyago hufuata mavuno, nayo yameandikwa ya kutosha. Kwenye visiwa vya delta, kwa wavuvi wa kamba, kuhama kuna saa yake nyingine, ya bamvua na maji mafu, na kambi zao za dago ni somo la mtu mwingine.

Lakini nani alituzoeza nyumba mbili? Zamani watu waliishi bondeni kabisa. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali ikawahamishia vijiji vya juu, nyumba zikapangwa mistari, na operesheni ikahesabiwa imefaulu. Ardhi ya juu ni mchanga, hutoa mihogo na korosho. Mpunga ulibaki chini, kwa hiyo watu wakaufuata, na dungu lililokuwa la kulindia shamba likawa nyumba ya pili ya nusu mwaka. Leo tunasemwa kwa kuhangaika baina ya nyumba mbili na watoto wa wale wale waliozitenganisha.

Sasa kuna bwawa. Desemba 2022 maji yalianza kuzuiwa katika Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, na umeme wake tunauhitaji kama Watanzania wengine. Mwaka 2024 wengi bondeni walililaumu kwa mafuriko. Serikali ikajibu kwamba mvua zilizidi na kwamba mafuriko Rufiji si jambo la leo. Nilicheka. Hilo la pili ndilo tulilokuwa tukiwaambia tangu 1968. Ila bibi alipima mto unaotokana na mvua. Mto unaotokana na milango ya chuma haupimwi kwa mkaa.

Nasikia wito wa kujenga juu, na sina ugomvi nao. Wajenge, waezeke bati, wachimbe visima. Desemba watashuka tena, kwa kuwa huko juu hakuna cha kupanda chenye thamani ya mpunga. Kwa hiyo, badala ya kuuliza kwa nini hatuhami, afisa mwenye orodha ya viwanja aniulize jinsi habari ya kufunguliwa maji inavyoweza kumfikia mtu aliye dunguni saa nane za usiku. Tangazo likibandikwa mwezi Machi kwenye ofisi ya kijiji litasomwa na nani? Hata mwenyekiti yuko chini, analinda nguruwe.